Safari ya kuagiza boti: Kituku, Idjwi, Kalehe, Muhanzi

Jumatatu, Goma

Kikundi chetu cha akina mama wa Kituku, bandari ya Goma kwenye Ziwa Kivu, wauza kabichi na sambaza, wale samaki wadogo, kimenituma nitafute fundi wa kututengenezea boti ya mizigo. Michango tumeiweka kidogo kidogo. Bado haitoshi, ila imefika mahali pa kuuliza bei bila kuona haya. Kwa nini tunataka boti yetu wenyewe, mtu wa Goma hahitaji kuelezwa. Tarehe 3 Oktoba mwaka huu wa 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka hapa hapa karibu na bandari, na waliokuja kupokea ndugu zao waliiona kwa macho. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake, hivyo watu na magunia yote yalipita majini. Wamekufa makumi. Tangu siku ile, tukipakia mzigo kwenye boti ya mtu, tunatazama maji yamefika wapi ubavuni, halafu tunatazamana.

Nimepewa msindikizaji, fundi mzee aliyeacha kazi kwa sababu ya mgongo. Hapa ufukweni wote tunamwita Papa Fundi. Sharti lake lilikuwa moja: "Mama, usianze na bei. Anza kuuliza muti ulikatwa lini."

Tumeanzia karibu, kwa vijana wanaojenga boti kwenye mawe meusi ya volkano. Wanafanya kazi nzuri ya mikono, hilo sitalikana. Tezo inapita kwenye taruma, ule mti unaopinda ndani ya boti kama ubavu, mara tatu na taruma linakaa mahali pake. Lakini Papa Fundi aliokota kipande cha ubao kilichokatwa, akakipima uzito kiganjani, akakinusa, akanipa. Kilikuwa baridi na kizito. Mkaratusi mbichi.

"Hii itakauka ikiwa ndani ya boti," alisema. "Na ikikauka inajikunja. Nafasi zinafunguka, maji yanaingia, mwenye boti anatafuta pamba na godro, yaani lami, kila mwezi. Miaka michache tu, anatafuta miti mingine."

Kijana hakukasirika. Alijibu neno ambalo nimelibeba safari nzima: "Papa, ninajua. Lakini mutu anataka boti yake mbele ya Noeli. Nikimwambia angoje mbao ikauke, atapeleka kazi kwa mwengine." Aliongeza jambo la kweli kuhusu mkaratusi: ukikauka sana, msumari hauingii, unapinda au ubao unapasuka. Inabidi utoboe kwanza kila tundu. Kutoboa ni saa, saa ni pesa, na mwenye boti halipii matundu.

Hatua chache kutoka pale alikuwepo mwingine anapaka ubavu wa boti mafuta machafu ya injini, yale meusi wanayomwaga magaraji. Yanamiminika kwenye mawe, yanaingia ziwani, na pembeni watoto wanajaza bidoni, yaani madumu, za maji. Mji huu umejengwa juu ya lava, mvua inazama ardhini, mto hatuna. Wengi tunakunywa ziwa. Nilitaka kupiga kelele, lakini Papa Fundi alinishika mkono akauliza kwa upole kwa nini hatumii godro na mafuta ya kitani. Bei, bila shaka. Mafuta ya garaji anapewa bure.

Kwa hiyo siku ya kwanza nimeshaona mambo mawili yanayolaumiwa kwa fundi, mbao mbichi na mafuta machafu, na yote mawili yanaanzia kwa anayeagiza. Yaani kwetu.

Jumanne, Goma

Depo za mbao. Tumezunguka asubuhi nzima kuuliza muvula na libuyu, mbao ambazo mafundi wa zamani walizipenda kwa mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, na kwa sakafu yake. Bei zimepanda kwa sababu malori hayafiki. Ukiuliza mbao imetoka wapi, unajibiwa "Walikale" kwa sauti ile ile mtu anayosema "Mungu anajua". Karatasi ya kibali hakuna aliyetuonyesha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka anayepasua mbao awe na kibali cha ukataji, lakini kutoka msituni hadi depo ubao unapita vizuizi vingi, na kila kizuizi kina namna yake ya kusoma sheria.

Juu ya mji kuna Virunga, hifadhi ya tangu 1925, ya kwanza barani Afrika, na kila siku miti yake inashuka ikiwa makala, yaani mkaa. Ni rahisi kumlaumu mama aliyekimbia vita, aliyelala kambi ya Bulengo chini ya hema, kwa kupika na kuni za hifadhi. Mimi sina ulimi huo. Ninachojua ni kwamba mwaka 2007 shirika la uhifadhi la WWF lilianza mradi wa EcoMakala, wakulima wapande miti yao wenyewe ya makala. Wazo ni zuri, lakini mti unaopandwa kwa ajili ya makala unakatwa mapema, ungali mwembamba. Ubao wa boti unataka mti ambao mwenye shamba amevumilia kutouuza mara mbili au tatu. Nani anamlipa kwa uvumilivu huo? Hakuna soko la uvumilivu.

Jioni nilimpigia rais wa kikundi, nikamwambia kuwa Goma hatujapata. Aliguna tu.

Jumatano, kuelekea Idjwi

Tumepanda boti ya mbao ya abiria na mizigo. Gilé, yaani jaketi za kuokolea, zilikuwepo, zimefungwa fundo moja kubwa juu ya paa, na kuzifungua ingekuwa kazi ya nusu saa. Baada ya ajali ya Kalehe, Aprili 2019, Rais Tshisekedi alitangaza kuwa kila abiria wa ziwa hili lazima avae. Tuliomba zishushwe. Nahodha alicheka kidogo, halafu akashusha. Sijui kama alitucheka au aliona aibu, ila alishusha.

Njiani Papa Fundi alinionyesha jinsi etaji, ile ghorofa ya juu, inavyoharibu boti nzuri. Fundi anajenga boti ya mizigo, pana na chini. Mwenye boti anairudisha baada ya mwaka mmoja: ongeza etaji, abiria wakae juu. Mkuku ni ule ule, upana ni ule ule, lakini sasa watu na magunia wako juu ya kichwa cha boti. Upepo wa kusini ukija mchana na watu wote wakahamia upande mmoja kukwepa maji, boti hairudi. "Mimi nilikataa etaji," alisema. "Walienda kwa mwanafunzi wangu." Hakusema zaidi, na mimi sikumuuliza ni boti gani.

Tumefika kaskazini mwa kisiwa cha Idjwi mchana. Ni wiki ya mwezi mpevu, na hiyo ndiyo bahati yetu. Sambaza wanavuliwa kwa taa: mitumbwi mitatu inaunganishwa kwa miti mirefu ya mkaratusi, wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa na samaki wanapanda kufuata mwanga. Mwezi ukiwaka, taa haina kazi. Basi wavuvi wanavuta mitumbwi ufukweni, na wiki hii ndiyo ya kutengeneza. Ufukwe mzima ulikuwa unagongwa nyundo.

Hawa sambaza wenyewe ni wageni. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ziwa ambalo lilikuwa na samaki wachache likapata kazi mpya, na kazi ikataka mitumbwi. Wazee wanasema kabla ya hapo mtumbwi ulichongwa kwenye gogo moja. Leo gogo la ukubwa huo kisiwani hulioni, labda kwenye kumbukumbu za watu. Kwa hiyo mitumbwi ni ya mbao zilizounganishwa.

Fundi wa hapa ni mzee mwenzake Papa Fundi. Walisalimiana kwa muda mrefu, habari za watoto, za wake, za marehemu, hadi nikaenda kununua nanasi na kurudi, wakawa bado hawajafika kwenye mbao.

Nilichokiona kwake ni hiki. Anajenga kidogo, anatengeneza sana. Alikuwa na mtumbwi umelala ubavu, na rangi za mbao zake zilikuwa tofauti: hizi za zamani, hii ya mwaka juzi, hii ya jana. Alitoa ubao mmoja uliooza, akakata mpaka mahali palipo na uzima, akaingiza mwingine kwa kiungo cha mshazari, akaziba kwa pamba na godro ya moto. Mkuku haujaguswa tangu mtumbwi ulipojengwa, alisema, na wakati huo mjukuu wake aliyekuwa anashika kopo la godro hakuwa amezaliwa.

Wenzetu wa Lamu na Mombasa wana bahari ya chumvi, na humo kuna viumbe wanaotoboa mbao hadi jahazi linakuwa kama sega la nyuki. Sisi hatuna hao. Adui wetu ni mvua. Maji ya ziwa yanayolowesha nje hayana madhara sana. Ubao unaooza ni ule unaokusanyiwa maji ya mvua ndani, kati ya taruma na taruma, jua linapiga, mvua inarudi. Mzee anaacha kijia kidogo chini ya kila taruma ili maji yasituame, yote yakimbilie nyuma yanakochotwa kwa bidoni iliyokatwa. Tundu la ukubwa wa kidole gumba. Kwa vijana wa Goma sikuliona. Nimeliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Nyuma ya nyumba yake kuna miti: mikaratusi, migrevilea, mingine ilipandwa na baba yake. Si msitu, ni kijishamba. Idjwi watu wamejaa, ardhi imegawanywa mpaka mistari, na kila mti unaosimama unasimama mahali pa maharagwe. Mke wake alituambia waziwazi, huku akimenya viazi: "Huyu anapenda miti kuliko chakula." Mzee akacheka. Walishagombana, wakakubaliana: miti ibaki mteremkoni ambapo udongo ungetelemka, uwanda uwe wa maharagwe na mihogo. Akina mama wa mtaa nao waliweka sharti lao. Mikaratusi iliyokuwa karibu na chemchemi ilikatwa na haikurudishwa, kwa sababu ilikuwa inakunywa maji kabla yao. Nilipenda kwamba hakuna ofisi iliyowaambia. Nilipenda pia kwamba hawakufanya kikao cha picha.

Mbao zake zimepangwa chini ya paa la nyasi, kila safu imetenganishwa na vijiti ili upepo upite, ncha zimepakwa godro zisipasuke. Zipo zilizokaa hapo tangu mvua za mwaka jana. Papa Fundi alipiga moja kwa kifundo cha kidole, ikalia. Wakatazamana wale wazee wawili, na nikaelewa kwamba boti yetu imepata fundi.

Tatizo ni mkuku. Miti yake haina urefu wala unene wa mkuku wa boti ya mizigo. "Nitafutieni muvula Bukavu," alisema. "Lakini mti wenye jina. Ule wa usiku sitaki kwenye mikono yangu."

Alhamisi, Idjwi

Mvua tangu alfajiri. Hakuna boti iliyotoka. Tumekaa tunahesabu misumari. Mzee anataka ya zinki, si ya kawaida, kwa sababu ya kawaida ikishika kutu ndani ya ubao inakula tundu lake na ubao unalegea. Ni ghali zaidi. Nimempigia rais wa kikundi, ameuliza kama misumari ya kawaida haigongeki. Nimemwambia inagongeka.

Ijumaa, Kalehe

Mwendo wa pole kwenda ng'ambo ya magharibi. Tulipofika mbele ya Nyamukubi, watu ndani ya boti walinyamaza wenyewe. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua ilishusha mito, matope na mawe juu ya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa, wengine wengi hawakuonekana tena. Siku kadhaa baadaye miili ilikuwa ikielea ziwani hadi upande wa Idjwi. Ukitazama juu unaona milima iliyovuliwa nguo: mashamba mpaka kileleni, miti michache. Mvua ile ilikuwa kubwa, na nyumba zilikuwa zimejengwa njiani mwa mito, na hayo yote yana uzito wake. Lakini mteremko usio na mizizi haushiki kitu.

Nilikuwa nimesikia kuwa upande huu boti zinapatikana kwa bei ndogo na kwa haraka. Ni kweli. Fundi mmoja alituahidi boti kabla ya mwisho wa Januari, pamoja na etaji "ya bure". Papa Fundi alichukua kamba, akapima upana na urefu wa boti iliyokuwa karibu kumalizika, akaikunja kamba, akaiweka mfukoni. Aliuliza mbao zinatoka wapi. Fundi akaonyesha mlima kwa kidevu.

Hatukubishana naye. Ana watoto wanasoma, na wateja wake ni watu kama sisi. Papa Fundi alimwonyesha kile kijia cha maji chini ya taruma, akamchorea kwenye mchanga, na yule mtu alichuchumaa akatazama vizuri. Akauliza kama kinapunguza nguvu ya taruma. Wakakaa hapo wakibishana kama mafundi wawili, nami nikapata saa nzima ya kula samaki wa kukaanga.

Jumamosi, Bukavu

Tumeingia Muhanzi, bandari ya Bukavu, asubuhi. Boti za mbao zimebanana ubavu kwa ubavu, zimejaa ndizi za kila aina, mihogo, makala, na kati ya boti na ufukwe kuna zulia la chupa za plastiki na mifuko. Takataka hizi zinasafiri. Zinashika njia ya Ruzizi, mto unaotoka ziwani hapa mjini, na kujikusanya kwenye bwawa la umeme la Ruzizi I, la tangu miaka ya 1950. Mashine zikizibwa, umeme unakatika Bukavu na Goma. Mtu anatupa chupa Kalehe, balbu inazimika Kituku. Wajenzi wa boti nao wana sehemu yao: makopo ya rangi, mabaki ya magunia ya nailoni ambayo wengine wanayasokota kuzibia nafasi badala ya pamba. Mzee wa Idjwi anakusanya vyake kwenye pipa. Lakini yuko peke yake, na pipa ni dogo.

Depo ya kwanza hapana. Ya pili hapana. Ya tatu ni ya mama mmoja mjane, makini, ana daftari. Mbao zake zinatoka upande wa Mwenga. Papa Fundi alimuuliza moja kwa moja kuhusu Itombwe, maana msitu ule ni hifadhi tangu 2006, na kuna mbao nyingi zinazotoka ndani yake huku zikisemwa za kijijini. Yule mama hakukasirika. Alifungua daftari akatuonyesha jina la kijiji, la mwenye shamba, la aliyepasua, na nakala ya kibali. Je, karatasi zinaweza kudanganya? Zinaweza. Lakini alitupa pia namba ya simu ya mwenye shamba, tukampigia, akatuambia mti ulikuwa unasimama kando ya migomba yake, ulikatwa lini, na kwamba kisiki kinachipua na amezuia mbuzi wasikile. Kwa siku zetu hizi, ushahidi wa kisiki kilichozuiliwa mbuzi nauamini kuliko muhuri.

Ubao wenyewe ni wa muvula, mrefu, umenyooka. Kijana alipoukata ncha, alijifunga kitambaa puani, kwa sababu vumbi la muvula linawasha pua na ngozi. Ndani haujakauka bado.

Basi hesabu ikawa hivi. Ubao unakwenda Idjwi sasa, unakaa chini ya paa la mzee hadi kiangazi, na Juni anaanza kuweka mkuku. Boti itaelea Agosti, Mungu akipenda. Tumeandika mkataba kwenye daftari la shule, nakala tatu: mbao kavu tu, misumari ya zinki, tundu chini ya kila taruma, godro na mafuta ya kitani, hakuna mafuta ya garaji. Etaji haitajengwa, wala sasa wala baadaye, na fundi ana haki ya kukataa hata sisi tukimbembeleza. Mstari wa rangi nyeupe pande zote mbili: maji yakiufikia, hakuna gunia linaloongezwa. Sharti la mwisho liliwekwa na mzee mwenyewe kwa simu: kila mwezi mpevu, kikundi kitoe pesa ya matengenezo, hata kama boti haina tatizo. Hilo ndilo litakalotushinda, ninaona mapema. Kununua tunajua. Kulipia kitu ambacho hakijaharibika, hapana.

Rais wa kikundi alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu: "Agosti? Na kabichi zetu za mwezi wa kumi na mbili zipande juu ya mgongo wa nani?" Nilimwambia tutaendelea kukodi, kwenye boti isiyo na etaji, tulipie nafasi zaidi tupakie kidogo. Akasema hiyo ni pesa mara mbili. Nikasema ndiyo. Akasema nije nielezee mwenyewe mbele ya akina mama wote, yeye hataki kuwa mbebaji wa habari hiyo. Nyuma yake nilisikia mwingine anauliza, "Anasema Agosti ya mwaka gani?", wakacheka, na simu ikaishiwa unite.

Jumatatu ubao unapanda boti ya kwenda Idjwi. Nimeambiwa niusimamie mpaka ufike, na usipangwe juu ya mizigo ya watu.